Bibliografia yenye maelezo: mhadhiri ameniuliza "Wewe uko wapi?"

Kwa washauri wa safu hii,

Hamjambo? Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, nasomea Kiswahili na Jiografia. Katika kozi ya mbinu za utafiti tumetakiwa kuandika makala ya utafiti ya maneno 3000 kwa Kiswahili, mada ya kujichagulia, pamoja na bibliografia yenye maelezo ya vyanzo 10 (yaani orodha ya vyanzo ambayo kila kimoja kina aya ya maelezo chini yake) kwa mtindo wa APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeleo. Mada yangu ni "Uchafuzi wa plastiki jijini Nairobi".

Nilianza na bibliografia kwa sababu niliiona rahisi kuliko makala. Nilipata vyanzo 14 mtandaoni, nikachukua ikisiri (muhtasari unaotangulia makala) ya kila kimoja, nikaitafsiri kwa Kiswahili, kisha nikavipanga kwa alfabeti. Nilimpelekea mhadhiri aipitie kabla ya tarehe ya mwisho. Imerudi na wino mwekundu: "Hizi ni ikisiri za watu. Wewe uko wapi?" Amezungushia pia sentensi yangu isemayo kwamba ni asilimia 9 tu ya plastiki ya Kenya inayochakatwa upya, akaandika "Nani kasema?" Niliitoa kwenye tovuti ya kampeni ya usafi. Chanzo kingine nilipewa na programu ya akili mnemba, na sasa nikikitafuta sikipati popote.

Zimebaki wiki tatu. Sijui maelezo ya chanzo yanapaswa kuwa na nini, yawe marefu kiasi gani, wala yanaingiaje katika makala yenyewe. Kompyuta naazima jioni tu; mchana nina simu na bando dogo. Rafiki yangu anasema niende soko la Mutindwa nikawahoji akina mama mboga ili kazi yangu iwe na "utafiti wa kweli". Nifanyeje?

Mwanafunzi, Umoja

Hatujambo, mwanafunzi wetu. Pole kwa wino mwekundu. Mhadhiri wako amekuuliza swali linalobeba kazi yote, na wiki tatu zinatosha kulijibu ukianza leo.

Tuanze na ile tafsiri, maana hapo wengi huteleza bila kujua. Ikisiri ni maneno ya mwandishi wa makala. Ukiyahamisha kwenda Kiswahili sentensi kwa sentensi, mpangilio wa mawazo unabaki wake, na uamuzi kuhusu lipi litajwe na lipi liachwe unabaki wake. Hata ukiweka jina lake juu, msomaji atadhani kwamba aya iliyo chini ya jina hilo ni yako, na huo tayari ni wizi wa kitaaluma. Usijipe moyo kwamba programu ya kukagua ulinganifu kama Turnitin huenda isiugundue kwa kuwa lugha imebadilika. Mhadhiri anayeijua mada hutambua mwandiko wa ikisiri mara moja. Hasara nyingine ni kubwa zaidi: ikisiri huandikwa ili msomaji avutiwe na makala, kwa hiyo udhaifu wa utafiti haumo humo. Udhaifu hukaa kwenye sehemu ya mbinu na katika aya zinazotaja mipaka ya utafiti. Aliyeishia kwenye ikisiri hana la kutathmini, na bibliografia yenye maelezo huombwa ili ionekane kwamba umetathmini.

Iwapo kweli unahitaji maneno ya mwandishi, yatafsiri ndani ya alama za mtajo, taja ukurasa, na uongeze kwamba tafsiri ni yako. Katika maelezo ya chanzo haja hiyo hutokea kwa nadra sana.

Kwa nini hukuonekana katika maelezo yako? Kwa sababu hukuwa na swali. "Uchafuzi wa plastiki jijini Nairobi" ni eneo, na katika eneo pana namna hiyo kila chanzo kinafaa, kwa hiyo huna msingi wa kusema hiki kinanisaidia na hiki hakinisaidii. Kabla ya kugusa chanzo kingine, geuza mada iwe swali moja linaloweza kujibiwa kwa maneno 3000 na kwa hati ambazo unaweza kuzipata. Tukupe mfano tutakaoutumia hadi mwisho wa jibu hili: kwa nini marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa 28 Agosti 2017 ilishika, ilhali majaribio ya 2007 na 2011 yalififia? Swali hili lina mipaka ya wakati na jambo la kulinganisha, na hati zake ziko wazi kwa umma. Majaribio ya awali yalilenga unene: 2007 mifuko iliyo chini ya mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na 2011 iliyo chini ya mikroni 60. Marufuku ya 2017 iliacha habari ya unene na kukataza mifuko yote ya kubebea. Muuzaji sokoni hana kifaa cha kupima mikroni, wala askari anayemkagua hana. Ukilitazama hilo tu, tayari una dhana ya kuipima: sheria inayokaguliwa kwa macho hutekelezeka kuliko inayohitaji kipimo. Inawezekana vyanzo vikaipinga dhana hiyo, na vikikupinga, hayo pia ni matokeo.

Si lazima uchukue swali letu. Lakini litakalokuwa lako liandike kwenye karatasi na uliweke mbele yako kila unaposoma.

Sasa maelezo yenyewe. Urefu wa kawaida ni maneno 100 hadi 200 kwa kila chanzo, mradi mhadhiri hakutoa kiwango kingine. Piga hesabu mapema: vyanzo 10 kwa maneno 150 ni maneno 1500, nusu ya makala yako. Muulize kama yanahesabiwa ndani ya yale 3000 au yako pembeni, kwa sababu jibu lake litabadilisha mpango wako wote. Muulize pia kama bibliografia hiyo ndiyo itakayokaa mwisho wa makala, au mwishoni kutakuwa na orodha ya kawaida ya marejeleo. Hivi viwili havifanani: bibliografia yenye maelezo inaweza kubeba chanzo ulichokisoma lakini hukukitaja, ila orodha ya marejeleo hubeba vile tu vilivyotajwa ndani ya makala.

Katika maneno hayo 150, kazi ni nne. Kwanza sema chanzo kinadai nini, kwa sentensi mbili au tatu. Kisha kimejuaje: kwa takwimu zipi, kwa kuhoji nani, wapi na lini. Kisha uzito na upungufu wake ukikiweka mbele ya swali lako. Mwisho, sehemu ambayo haikuwepo kabisa katika ulichopeleka: utakitumia wapi katika makala, na kwa kazi gani. Sehemu ya kwanza wanafunzi huipa karibu nafasi yote. Sisi tungeipa theluthi moja. Anayejua makala yanasema nini ni mwandishi wake pia. Anayejua yatafanya nini katika kazi yako ni wewe peke yako.

Maelezo dhaifu husomeka hivi: "Makala haya yanazungumzia plastiki baharini. Yameandikwa na wataalamu na yatanisaidia sana katika utafiti wangu." Sentensi hizo zinaweza kubandikwa chini ya chanzo chochote duniani. Linganisha na haya, yanayohusu makala ya Jambeck na wenzake yaliyochapishwa 2015 katika jarida la Science, ambayo tunashuku yamo kwenye orodha yako kwa sababu hunukuliwa karibu kila mahali plastiki inapotajwa:

"Waandishi wanakadiria plastiki iliyoingia baharini mwaka 2010 kutoka nchi 192 zenye pwani, na kufikia tani milioni 4.8 hadi 12.7. Hesabu yao inatokana na kiasi cha taka kwa kila mtu, sehemu ya taka hizo iliyo plastiki, na sehemu isiyosimamiwa ipasavyo. Hatua za hesabu zimeelezwa wazi, na makadirio yametolewa kama masafa badala ya namba moja. Kwa swali langu upungufu ni mkubwa: wanaohesabiwa ni watu wanaoishi ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, kwa hiyo Nairobi haimo, na makala yalitoka kabla ya marufuku ya 2017. Nitayatumia katika utangulizi peke yake, kuonyesha ukubwa wa tatizo lililokuwa likijadiliwa duniani miaka hiyo. Sitayatumia kama ushahidi kuhusu jiji."

Hayo hayafiki maneno 120, lakini msomaji anaona kwamba uliingia ndani ya sehemu ya mbinu. Kilomita 50 haziko kwenye kichwa cha makala. Asiyezijua atazitwika Nairobi takwimu za pwani, na makosa ya aina hiyo ndiyo yanayowafanya wahadhiri wapoteze imani na kazi nzima.

Chanzo ambacho si makala ya jarida hutathminiwa vivyo hivyo. Chukua tangazo namba 2356 katika Gazeti Rasmi la Serikali, la 28 Februari 2017:

"Tangazo linakataza utumiaji, utengenezaji na uingizaji nchini wa mifuko yote ya plastiki ya kufungashia bidhaa za biashara na za nyumbani, kuanzia miezi sita baada ya tarehe yake. Linataja aina mbili: mfuko wenye vishikio na usio na vishikio. Ni chanzo cha msingi, kwa sababu ndilo lugha ya marufuku yenyewe. Halielezi sababu za hatua hiyo, wala halitaji unene wa mfuko, na kutotajwa kwa unene ndiko kunakolitofautisha na majaribio ya 2007 na 2011. Ni msingi wa sehemu ya pili ya makala, ninapolinganisha namna marufuku hizo tatu zilivyofafanua kitu kinachokatazwa. Kuhusu adhabu nitarejelea sheria mama, si tangazo."

Sentensi ya mwisho ina sababu. Faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, ambayo magazeti huihusisha na marufuku, msingi wake ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kama ilivyorekebishwa 2015. Ukiihusisha na tangazo, msomaji atalifungua na asiione.

Hilo linatuleta kwenye ile asilimia 9. "Nani kasema?" ni swali lenye jibu, na jibu lake linaonyesha kwa nini namba hufuatwa hadi chanzo chake cha kwanza. Asilimia hiyo inatokana na makala ya Geyer, Jambeck na Law ya 2017 katika jarida la Science Advances. Walikadiria plastiki yote iliyozalishwa duniani hadi 2015 kuwa tani milioni 8300, na kati ya hizo tani milioni 6300 zilikuwa zimekwisha kuwa taka. Katika taka hizo, takriban asilimia 9 zilichakatwa upya, 12 zilichomwa, na 79 ziliishia madampo au kuzagaa katika mazingira. Kwa hiyo namba hiyo ni ya dunia nzima, ni jumla ya miongo mingi, na haisemi lolote kuhusu Kenya. Tovuti uliyoisoma iliichukua mahali, neno "dunia" likapotea njiani, nawe ukaongeza "Kenya". Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini sentensi iliyofika kwa mhadhiri ilikuwa ya uongo.

Njia ya kuifuata namba ni fupi. Kama ukurasa ulikoipata una kiungo cha chanzo, kifungue. Kile nacho kikinukuu kingine, endelea hadi umkute aliyepima au aliyekokotoa. Huyo ndiye wa kumtaja, baada ya kusoma mwenyewe ukurasa wenye namba hiyo. Ukikwama njiani usimkute, namba hiyo iache. Ukihitaji idadi ya wakazi wa Nairobi kwa sensa ya 2019, ambayo ni 4,397,073, ichukue kwenye ripoti ya KNBS, shirika la taifa la takwimu, na si kwenye gazeti lililoikadiria kuwa "karibu milioni 5".

Chanzo ulichopewa na akili mnemba kifute leo. Programu hizo huunganisha majina ya watafiti halisi, jarida halisi na kichwa kinachosikika vizuri, lakini makala yenyewe hayapo. Kipimo ni chepesi: makala mengi ya majarida ya sasa yana namba ya DOI, yaani namba ya kuyatambulisha mtandaoni, inayoanza na 10 ikifuatwa na nukta. Ibandike kwenye tovuti ya doi.org. Isipofunguka, au ikafungua makala mengine kabisa, chanzo hicho ni cha kubuni. Kukosa DOI peke yake si kosa, kwa sababu majarida kadhaa ya Afrika Mashariki hayazitumii. Hapo tafuta toleo la jarida lenyewe na uone ukurasa wa makala kwa macho yako. Rejeleo la kubuni halina utetezi mbele ya kamati ya nidhamu, maana haiwezekani kusema ulikisoma kitu kisichokuwepo.

Utavipata wapi vyanzo kwa bando dogo? Usipakue ovyo. Katika Google Scholar tafuta kwa Kiingereza, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti kuhusu suala hili imeandikwa kwa lugha hiyo. Weka jina zima la marufuku, kama "plastic bag ban", ndani ya alama za mtajo ili lisivunjwe, ongeza Kenya, kisha chuja miaka kuanzia 2017. Chini ya kila tokeo kuna kiungo cha matoleo mengine ya makala yaleyale. Mara nyingi mojawapo ni nakala ya bure. Kiungo kinachoonyesha waliorejelea makala hayo kina faida zaidi: makala moja mazuri ya 2018 yatakuonyesha walioyajibu baadaye, na mjadala utajipanga wenyewe. African Journals Online, inayofupishwa AJOL, ina majarida ya Afrika, na mengi yako wazi. Hazina za kidijitali za vyuo vikuu vyetu zina tasnifu za uzamili kuhusu masoko na taka za Nairobi. Zitumie hasa kwa marejeleo yaliyomo ndani yake. Sheria, hukumu na matoleo ya Gazeti Rasmi ziko kwenye tovuti ya Kenya Law bila malipo, zikiwemo hukumu za kesi zilizofunguliwa kuipinga marufuku. Hukumu hizo ni hazina kwa swali letu, kwa sababu hoja za watengenezaji na za serikali zimewekwa pamoja katika hati moja.

Ulizia dawati la maktaba ya chuo nywila ya kusomea majarida ukiwa nje ya chuo. Vyuo vingi hulipia majarida ambayo wanafunzi hawajui kwamba ni haki yao. Kwa magazeti ya 2007 na 2011, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kwenye Barabara ya Moi haiko mbali na kituo cha matatu. Kwa mahali tulivu pa kusomea karibu na kwenu, matawi ya maktaba ya McMillan yaliyoko Makadara na Kaloleni yanafaa.

Mgawanyo wa vyanzo 10 tungeupanga hivi, kwa swali la namna hii: makala 5 au 6 ya majarida yaliyohakikiwa na wataalamu, hati 2 za sheria, hukumu 1, na gazeti 1 au 2 kwa ajili ya matukio ya siku husika. Tovuti ya kampeni inaweza kuingia ikiwa unachunguza kampeni yenyewe. Kama ushahidi wa takwimu, hapana. Jarida linaloahidi kuchapisha makala ndani ya siku chache kwa malipo, bila kueleza nani huyahakiki, lipite tu.

Sasa jinsi ya kusoma. Usianze ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Soma ikisiri ili kuamua kama makala yanakuhusu, kisha utangulizi na hitimisho, kisha rudi kwenye mbinu, ambako ndiko kwenye kazi. Andika kwa mkono, karatasi moja kwa chanzo kimoja, na kila dokezo lipewe namba ya ukurasa papo hapo. Ukinakili maneno ya mwandishi, weka alama za mtajo hata kwenye karatasi yako mwenyewe. Wiki mbili baadaye hutakumbuka yapi yalikuwa yako. Ukimaliza, funga chanzo, geuza karatasi, na uandike maelezo bila kutazama. Kisha fungua tena ukague kama umemwelewa vizuri. Njia hii inakuhitaji kompyuta wakati wa kuchapa tu, kwa hiyo mchana wako wa simu na karatasi hautapotea. Makala mawili kwa siku ni mwendo unaowezekana, na ndani ya wiki moja utakuwa umevimaliza vyote 10. Tarajia kwamba viwili au vitatu vitakataliwa baada ya kusomwa.

Kuhusu umbo la APA, toleo la saba linataka hivi: vyanzo kwa alfabeti ya jina la ukoo la mwandishi wa kwanza; mstari wa kwanza wa rejeleo uanzie ukingoni na inayofuata iingie ndani sentimita 1.27, maelezo yaanze aya mpya chini ya rejeleo, aya nzima ikiwa imeingia ndani kwa kiasi hichohicho, nafasi maradufu kati ya mistari. Katika Word, bonyeza Ctrl na T ili rejeleo lijipange, badala ya kusukuma maneno kwa nafasi tupu, ambazo huvurugika mara tu unapobadilisha ukubwa wa herufi. Waandishi huandikwa wote katika rejeleo hadi wanapozidi 20, kwa hiyo Jambeck na wenzake huandikwa wote wanane. Ndani ya matini, wakiwa watatu au zaidi, unataja wa kwanza na kuongeza "na wenzake". Vichwa vya vyanzo acha katika lugha vilivyochapishwa.

Zotero ni programu ya bure itakayokupunguzia uchapaji, na inahifadhi madokezo yako pamoja na rejeleo. Lakini usiiamini bila kukagua. Kosa lake la kawaida kwa vyanzo vyetu ni taasisi kugeuzwa mtu: KNBS huandikwa kana kwamba ni mwandishi ambaye jina lake la ukoo ni "Takwimu" na mengine ni herufi za mwanzo. Hilo hurekebishwa kwa kubadilisha sehemu ya mwandishi iwe ya jina moja badala ya mawili. Angalia pia vichwa vilivyokuja vyote kwa herufi kubwa, na ripoti za serikali zilizokosa mwaka.

Kutoka bibliografia kwenda makala, chora jedwali. Safu wima ziwe maswali madogo ya makala yako: marufuku ilifafanuaje mfuko, nani aliikagua, wafanyabiashara walihamia vifungashio gani, mahakama ilisemaje. Mistari iwe vyanzo 10. Jaza kila kisanduku kwa maneno machache na namba ya ukurasa. Makala yako utayaandika kwa kufuata safu wima, aya moja au mbili kwa kila moja, wala si kwa kufuata mistari. Anayefuata mistari hutoa yale mapitio ya "Fulani anasema, naye Fulani anasema" ambayo hayafiki popote. Unapofuata safu, vyanzo vinakutana: hiki kinadai adhabu ndiyo iliyoleta utii, kile kinaonyesha kwamba mifuko isiyofumwa (inayofanana na ya kitambaa) ilikuwa tayari sokoni, nawe unaamua ushahidi wa nani una uzito na kwa nini. Ukiona safu ina visanduku vitupu vingi, umepata pengo. Ama tafuta chanzo cha kulijaza, ama litaje waziwazi kwenye hitimisho.

Kuandika yote 3000 kutachukua siku tano au sita ukiwa na jedwali hilo. Utangulizi maneno 300, mapitio ya yaliyoandikwa 800, uchambuzi 1500 na zaidi kidogo, hitimisho 300. Acha siku tatu za mwisho kwa marekebisho, na katika siku hizo fungua kila DOI, kisha linganisha kila jina lililotajwa ndani na orodha ya nyuma, pande zote mbili.

Mwisho, akina mama mboga wa Mutindwa. Safari hii usiwahoji. Kazi uliyopewa ni ya kusoma hati na kuzipima, na mahojiano matatu ya haraka yasiyo na mpango wa sampuli wala idhini ya wahojiwa yataidhoofisha. Utafiti unaokusanya data kwa watu una taratibu zake: ridhaa ya anayehojiwa, kibali cha idara, na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, chini ya sheria ya 2013. Idara yako ndiyo itakayokueleza ni lipi kati ya hayo linahitajika kwa kazi ya shahada ya kwanza. Swali la vifungashio vilivyochukua nafasi ya plastiki sokoni linafaa sana kwa mradi wako wa mwaka wa nne, na jedwali utakalolichora mwezi huu litakuwa limekwisha kukuonyesha ni nini hakijaulizwa. Kesho asubuhi mpelekee mhadhiri swali lako jipya kwa sentensi moja, pamoja na maelezo ya vyanzo viwili tu, umwombe akuambie kama yako sawa kabla hujaandika vile vinane vilivyobaki.